Msiba wa Heshima wa Masele

Masele alipofariki, kiwanda cha pamba kilizima mashine kwa muda ili kumpa heshima. Jambo hilo lingemchekesha sana mwenyewe, kwa kuwa enzi za uhai wake kiwanda hicho kilisimama mara nyingi kwa ajili yake, na kila mara aliitwa ofisini akajieleze. Safari hii hakuitwa mtu. Meneja alitoka ofisini, akavua kofia, akatangaza kwamba kiwanda kimepoteza nguzo. Wafanyakazi wakatazamana. Nguzo hiyo, kama walivyoijua wao, ilikuwa na desturi ya kulala mchana juu ya lundo la pamba, na kuiamsha kulihitaji watu wawili.

Aliyeiamsha zaidi alikuwa Cornel Chilongani, Mgogo wa Bahi, mwenzake kwenye mashine ya kufunga marobota. Walianza kazi pale vijana, wakazeekea pale pale, huyu kushoto mwa mashine na yule kulia. Siku ile meneja anazungumza, Cornel alisimama kushoto kama kawaida, na upande wa kulia hakuna aliyethubutu kusimama.

Kujuana kwao kulianza kwa wizi. Cornel aliposhuka kwenye treni na sanduku lake la bati na kupangiwa kazi kwenye mashine hiyo, alikuta jitu la Kisukuma limekaa kwenye robota likila viazi. Masele alimuuliza kabila. Aliposikia ni Mgogo, aliweka viazi chini, akalichukua bakuli la chakula la mgeni, akafunua, akakuta ugali na mlenda. Akautukana mlenda ule kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, akautukana na ukoo ulioupika, kisha akaula wote na kulipangusa bakuli kwa kidole. Alipomaliza alimpa Cornel mkono, akamkaribisha Shinyanga. Cornel hakushangaa wala hakukasirika. Wasukuma na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akila chakula chako amekuheshimu; akikuachia, hapo ndipo uanze kujiuliza umekosa nini.

Tangu hapo mke wa Cornel alipika cha watu wawili, na Cornel akalipiza kwa njia zake. Wageni wakija kukagua kiwanda aliwaonyesha Masele akawaambia kwamba ni dume la kulimia lililobaki baada ya chama cha ushirika kuuza mengine. Masele alipolala kwenye pamba, Cornel alimfunika nyuzi mwili mzima yakabaki matundu mawili ya pua, halafu akaenda kumwita msimamizi.

Kwa kweli Masele alikuwa na mengi ya kusemwa. Kuwahi kazini hakukujua. Si kwamba alichelewa kuamka. Aliamka na jogoo. Ila kati ya chumba alichopanga na lango la kiwanda kulikuwa na watu, na Masele hakuwahi kumpita mtu bila kumsalimia Kisukuma kamili, yaani kuuliza watoto, mvua, ng'ombe, na kama ng'ombe hakuna, kuuliza kwa nini hakuna. Alifika wenzake wakiwa wameshakunywa chai, akanywa iliyobaki. Alikuwa pia na sauti mbaya ya kuimba, mbaya ya kupindukia, na aliitumia kutwa nzima kuiimbia mashine. Kwaya ya kanisani kwao ilishamkubali zamani, kwa upendo, ikampa kazi ya kubeba spika. Hakuna meneja hata mmoja ambaye hakugombana naye, na hakuna meneja aliyehama bila Masele kwenda kumsindikiza stendi akiwa amembebea begi.

Lakini Cornel hakumpenda kwa hayo. Alimpenda kwa ajili ya Bahi.

Mama yake Cornel alipofariki, Masele alipanda naye treni bila kualikwa, amevaa suti yake ya pekee, ile ya kijivu. Njia nzima Cornel hakusema neno. Hakula, hakulia, alikaa tu ameshika dirisha. Kule Bahi watu walilia, na yeye akabaki mkavu, hata shangazi zake wakaanza kunong'ona. Siku ya maziko, jeneza likiwa limeshafikishwa kaburini, Masele alijipenyeza mbele ya wachungaji, akatumbukia shimoni na suti yake, akalala chali, akakunja mikono. Akasema shimo hili limechimbwa vizuri, ardhi ya Wagogo haina kazi nyingine, kwa hiyo yeye analichukua; wenye maiti wakatafute lingine. Wakambembeleza. Akafumba macho na kuanza kukoroma. Hakutoka mpaka alipoletewa mbuzi, tena alimkataa wa kwanza kwa kuwa alikuwa mwembamba.

Hapo ndipo Cornel alipocheka. Alicheka amesimama ukingoni mwa kaburi la mama yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukatika, akalia kilio ambacho alikuwa amekibeba tangu Shinyanga. Masele alipanda juu na vumbi lake, akamshika bega, akamwacha alie.

Walirudi na yule mbuzi kwenye treni, amefungwa miguuni pao, na abiria wote wakilalamika. Ndipo Masele alipotoa wosia wake.

"Nikitangulia mimi, mtani, uniharibie msiba," alisema. "Usiniache nizikwe kama mkuu wa idara."

Cornel alimjibu kwamba atauharibu vibaya mno, Wasukuma wataomba mwakani wasife.

Sasa siku ilikuwa imefika. Habari aliletewa na Juliana, mama wa mizani pale kiwandani, kwa simu. Masele alikuwa kwake karibu na Tinde kwa mapumziko ya mwisho wa juma, presha ikampanda akiwa anafunga gunia kwenye baiskeli, na hospitali walimfikisha tu kutimiza wajibu. Cornel aliposikia alijibu kwa sauti ya juu kwamba Masele ameshawahi kufa, wala si mara moja, basi amrudishie kofia yake aliyomchukulia. Na kweli alishawahi. Mwaka fulani alituma ujumbe kwamba amefariki ili aone kama Mgogo atakuja, na Cornel alipofika Tinde akihema alimkuta marehemu uani anakula viazi. Kwa hiyo Cornel alingoja Juliana acheke. Juliana hakucheka. Alianza kulia, na Cornel akakaa chini pale pale alipokuwa.

Alijiandaa kama alivyoahidi. Alimwomba Juliana gunia la nyuzi za pamba, zile safi. Mpango wake ulikuwa kuzitandaza kaburini, azilalie kwanza yeye, akorome, akatae kutoka mpaka apewe ng'ombe, maana hapa ni Usukumani na mbuzi asingemkubali. Kisha atoke, na Masele alazwe juu ya pamba kama alivyozoea. Usiku wa kuamkia maziko aliukazia kamba mdomo wa gunia.

Alipofika Tinde alidhani amekosea nyumba. Mbele ya mji wa Masele palikuwa na mahema meupe, viti vilivyovishwa vitambaa, tao la maua ya plastiki, na runinga kubwa iliyoonyesha picha ya marehemu amevaa tai. Masele hakuwahi kuvaa tai. Mtu aliyeijua simu alikuwa amemvalisha pichani. Vijana waliovaa fulana zenye sura yake waligawa maji ya chupa, na mpiga picha alikuwa akiwaomba waombolezaji warudie kuingia.

Yote hayo yalikuwa kazi ya Enock, mtoto mkubwa wa Masele, mfanyabiashara wa vifaa vya wachimbaji huko upande wa Bulyanhulu. Enock alikuwa amefanikiwa, na wageni wake wa migodini walikuwa wamepanga magari yao makubwa kwenye kivuli chote kilichopatikana. Alipomwona Cornel anaingia na gunia begani, alimfuata haraka kabla hajafika kwenye mahema.

"Shikamoo, Mzee Cornel," alisema.

Cornel aliitikia marahaba, na moyo ukamshuka. Mtoto huyu alikua akimwita mtani. Alishazoea kumnyang'anya kofia na kukimbia nayo uani, na kumsifia mlenda kwa kejeli kabla hajajua kusoma. Leo alikuwa Mzee Cornel.

Enock alimwomba jambo moja tu: leo utani usiwepo. Alieleza kwamba kuna wageni, kuna ratiba, na yeye anataka baba yake azikwe kwa heshima, kwa kuwa maisha yake yote watu wamemcheka. Cornel alitaka kumwambia kwamba heshima ya baba yake ndiyo hii aliyoibeba kwenye gunia. Mtani ana haki yake, na hata mfiwa hawezi kuizuia. Lakini alimtazama Enock usoni, akaona macho yamevimba na midomo imekauka, na mkono uliomshika begani ulikuwa mzito kama ule wa baba yake. Tajiri angemweza. Mtoto aliyefiwa hakumweza.

Gunia likapelekwa stoo. Cornel akakaa kwenye kiti chenye kitambaa, karibu na Juliana na wenzake wa kiwandani, akaona aibu. Alijiona kama mtu aliyeahidi kuja akaja mikono mitupu.

Mambo yalizidi kuharibika pale alipofuatwa na Davis, mshereheshaji aliyekodiwa kutoka mjini, kijana mwenye suti inayong'aa na sauti ya kuuza dawa. Meneja alikuwa ametuma udhuru, kwa hiyo salamu za wafanyakazi zingesomwa na rafiki wa marehemu, yaani yeye Mzee Cornel. Asihangaike kutunga. Imeshaandikwa. Davis alimkabidhi karatasi na kumtaka asome kama ilivyo, taratibu, bila kuongeza chumvi.

Cornel aliisoma kimoyomoyo. Ilikuwa salamu nzuri sana. Ilikuwa wazi kwamba imeshawazika watu kadhaa kabla ya Masele, na wa mwisho wao alikuwa mwalimu. Akaamua atasoma hivyo hivyo. Ikiwa ameshindwa kumharibia msiba, basi angalau asimwaibishe mtoto wake. Aliapa moyoni kwamba hatatikisa hata unyusi.

Alipoitwa, alitembea mpaka kwenye kipaza sauti akiwa amenyooka, akavua kofia, akasalimia viongozi wa dini, wafiwa na wageni kwa mpangilio alioandikiwa. Watu wa kiwandani, ambao hawakuwahi kumwona amenyooka, wakaanza kukaa vizuri.

"Marehemu Masele," akasoma, "alikuwa mfanyakazi wa mfano, na hasa atakumbukwa kwa kutunza muda."

Juliana alitoa sauti fulani, akajifunika khanga mdomoni. Cornel akadhani ni kilio. Akaendelea kwa uso ule ule kwamba marehemu alikuwa mtu wa kiasi katika chakula, na mstari mzima wa viti vya kiwandani ukatikisika. Aliposoma kwamba Mungu alimjalia sauti tamu iliyowafariji wengi, kwaya nayo ikaanguka kicheko; aliyekuwa na spika aliiweka chini ili acheke vizuri. Cornel alinyanyua macho, hakuelewa, akazidisha umakini. Kila alivyozidi kuwa makini watu walizidi kuumia mbavu. Walikuwa wamemjua maisha yote kama mtani wa Masele, wametega masikio tangu alipofika, na sasa waliona amekuja na mbinu mpya ambayo hata wazee hawajawahi kuiona: kumtania maiti kwa kumsifu.

Aliposoma kwamba marehemu hakuwahi kukosa kipindi na ameacha pengo kubwa darasani, hata wageni wa Bulyanhulu, ambao hawakumjua Masele, walikuwa wameshikana mabega. Kutoka upande wa akina mama kilisikika kicheko kimoja kirefu. Watu walipogeuka waliona ni Lusia, mke wa marehemu, ambaye tangu juzi hakuwa amesema neno wala kumeza kitu. Alikuwa ameinamia mapaja ya dada yake, mabega yakimpanda na kushuka, akisema gete, gete, kweli kabisa, huyo ndiye.

Cornel alikunja karatasi. Aliona kwamba ameharibu. Alikuwa ameombwa heshima na ameshindwa hata kusoma. Akafikiri jambo la mwisho analoweza kumfanyia Masele ni kusema ukweli, basi akausema.

"Mimi nilimpenda mtu huyu," alisema. "Sikuwahi kumwambia. Sijui Jumatatu nitakaa na nani. Sijui nani atakula chakula changu."

Sauti ikamkatika. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka pale mbele ya kipaza sauti, akalia kwa sauti, mzee mzima, kofia kifuani. Na hapo ndipo mahema yalipolipuka. Watu walipiga makofi, wengine walisimama juu ya viti vyenye vitambaa, bibi mmoja wa Kisukuma alikuja akicheza akamtunza noti kwenye mfuko wa shati, na mpiga picha alimsogelea mpaka puani ili asipoteze hata tone. Davis alisikika akimweleza mgeni mmoja kwamba ile hotuba aliiandika yeye. Cornel alitaka kuwaambia kwamba analia. Alinyoosha mkono kuwatuliza, nao wakauona mkono ule, wakacheka upya.

Enock alikuja mbele. Cornel alidhani amekuja kumtoa. Kijana alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na begani alikuwa na gunia.

"Mtani," alisema, "umesahau mzigo wako."

Walikwenda kaburini pamoja. Cornel aliingia shimoni kwa kushikwa mkono, akafungua kamba, akatandaza pamba taratibu kila upande kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Hakulala wala hakukoroma, hakudai ng'ombe. Mchezo ulikuwa umemwishia. Watu walimngoja huku wakitabasamu, wakijua bado ana jambo. Alipotoka kimya kimya na kuungana na wenzake wa kiwandani, walikubaliana kwamba hilo nalo lilikuwa la aina yake. Masele akateremshwa juu ya pamba yake.

Baada ya chakula, wageni wa Bulyanhulu walipokwishaondoka na vijana wakikunja mahema, Lusia alimwita Cornel ukumbini kwake. Alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu, lakini mbele yake palikuwa na sahani iliyoliwa. Alimpa ile kofia yake aliyochukuliwa, ambayo Masele alikuwa ameining'iniza nyuma ya mlango miaka yote hiyo.

Alimwambia kwamba alikuwa ameogopa. Enock alipokataza utani yeye hakuwa na nguvu ya kumbishia, na akawaza kwamba mume wake atazikwa kama mtu asiyemjua. Tangu juzi alikuwa hamuoni. Akifumba macho aliona jeneza tu. Mpaka Cornel aliposema kutunza muda, ndipo Masele akarudi mzima, na baiskeli yake, amechelewa.

"Wabheja, asante, mtani," alisema. "Na kile kilio. Nimeona watani wengi, sijaona aliyejua kulia namna ile. Yale machozi uliyatoa wapi?"

Cornel alizungusha kofia mikononi. Aliona sahani iliyoliwa, akamwona Lusia anavyomtazama akingoja, tabasamu limeshaanza kumjia kabla ya jibu. Alivaa kofia, akaishusha mpaka karibu na macho.

"Kwetu Bahi mvua ni shida, mama," alisema. "Maji tunayaweka akiba."

Lusia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Cornel naye akacheka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuja kuifanya.